Kuchagua Taa

Nilimwambia shangazi Thuwaiba kwa simu
kwamba Ijumaa tunakwenda Al-Khuwair kununua taa.
"Ya sebuleni au ya ukumbini?"
Wa sebuleni, shangazi. Wa, si ya.
Akanyamaza. Kisha akacheka mpaka akakohoa:
"Huko Maskati mmekosa cha kufuga?"

Msellem ameshaupima ukuta mara nne.
Tangi futi nane kwa futi tatu,
mchanga laini kama unga uliochekechwa mara mbili,
jiwe hata moja halimo:
taa hulala kwa tumbo, anasema,
na tumbo lake huchubuka upesi.
Mtambo wa kupoza maji umetula akiba ya mwaka,
maana nje ni nyuzi arobaini na saba,
na bahari yenyewe, pale Qurum, mwezi wa saba,
ina uvuguvugu wa chai iliyosahauliwa.

Dukani Sudheer anatuonyesha kwa kidole
kisichogusa maji.
Wa kwanza ana madoa ya buluu, buluu ya wino wa shule,
na utepe wa buluu hadi mkiani.
Moyo wangu ukaenda. Sikatai.
Huyu si wa bahari yetu hii hii? nikasema.
Basi hapa si kwao?
Sudheer akatikisa kichwa kwa namna ya kwao Kerala,
isiyosema ndiyo wala siyo.
Akadondosha kamba mmoja.
Kamba akashuka polepole, akatua mbele ya pua.
Madoa hayakutikisika.
"Siku ya kumi na moja," akasema kwa Kiarabu cha dukani.
"Hataki."

Wa pili alikuwa kama kisahani cha kahawa,
lakini huyo, Msellem amesoma,
hukua hadi upana wa meza ya watu sita,
mkia haujahesabiwa.
Watu humnunua kwa udogo wake,
kisha usiku mmoja humpeleka ufukweni kwa ndoo,
wakitazama nyuma.

Wa tatu hana sura.
Rangi ya chapati iliyoungua upande mmoja.
Ametoka bahari ya mbali, kwa ndege, ndani ya mfuko,
na hata akizeeka hatazidi sinia dogo.
Kamba alipoanguka mchanga ulifumuka.
Hatukumwona akila;
tuliona tu kwamba kamba hayupo.

Mama yangu alinichagulia Msellem hivyo hivyo.
Alikuja kwetu Ibra na kaka zake wawili, warefu, wazuri,
wakaandaliwa wali na papa mkavu,
naye mama nyuma ya pazia
akahesabu matonge.
Wale wazuri walidonoa.
Huyu alimaliza, akauliza kama ukoko upo.

"Na mwiba?"
Sudheer akapandisha suruali:
kovu kwenye kifundo, jeupe, mfano wa punje ya mpunga.
Hamfuati mtu, akasema. Mimi ndiye niliyemkanyaga.
Hapo nikamkumbuka shangazi,
na ule mstari mgongoni mwake,
mkia wa taa wa mwalimu wa chuoni, Pemba,
mwaka ambao hautaji.
Sijui sasa kama siku ile alicheka kwanza
au alikohoa kwanza.

Wiki ya tatu leo. Majirani huja kumtazama,
huona mchanga mtupu, hunywa kahawa yetu, huondoka
wakimhurumia Msellem kwa pesa zake.

Jana usiku umeme ulikatika.
Msellem akakimbilia pampu ya betri, akajikwaa, akatukana kiti.
Mimi nikamulika kioo kwa simu:
mchangani, macho mawili, na tundu mbili nyuma yake
zikivuta maji, zikiachia, zikivuta.
Ghaniya akaita kutoka chumbani kwake:
"Mama, taa imezimika?"

Imezimika, mwanangu. Lala.
Yuko macho.